Mita Isiyopumzika Sabato

Ishmael wa Ekerenyo alikuwa na taa ya umeme ambayo haikuwa yake.

Ilikuwa ya jirani yake Ratemo, mwenye kinu cha kusaga mahindi. Waya ulitoka kwenye kinu, ukapita shamba la migomba, ukaingia jikoni kwa Ishmael kupitia tundu la panya. Nguzo hazikuwapo. Migomba yenyewe ndiyo ilikuwa nguzo. Waya ulifungwa kwa kamba kutoka mgomba mmoja hadi mwingine mpaka ukafika.

Mgomba ukishazaa hukatwa. Kwa hiyo kila walipovuna ndizi, nguzo moja ilianguka. Siku nyingine waya ulisahauliwa chini kwenye umande. Asubuhi moja ng'ombe wa Ishmael aliukanyaga. Aliruka kwa miguu yote minne, akavunja ua, akakimbia mpaka akapatikana nyuma ya kanisa la Wakatoliki. Ratemo alikuwa Mkatoliki. Tangu siku hiyo alimwita ng'ombe huyo "muumini mpya."

Bei ya taa ilikuwa mkungu mmoja wa ndizi kila mwezi. Mkungu ukiwa mdogo, taa ilizimika mapema. Ratemo alisema ni kinu kimechoka.

Ishmael alivumilia. Alikuwa mtu wa kuweka akiba, na hakutupa kitu. Alikuwa na jembe lisilo na mpini na mpini usio na jembe, na kwa miaka sita hakuwahi kuvikutanisha. Tena alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista. Ijumaa jua likitua, chakula kilikuwa kimepikwa, kuni zimepasuliwa, na kila kiumbe katika boma lake kilitakiwa kupumzika.

Mke wake, Drusilla, alifuga kuku. Safari hiyo alinunua vifaranga themanini wa siku moja kutoka Kisii. Aliwaweka jikoni chini ya ile taa, kwa maana kifaranga asiye na mama hufa kwa baridi. Kuku hao ndio wangemlipia binti yao Abigael karo ya shule.

Asubuhi ya tatu, Ishmael alikuta kikapu mezani kimefunikwa kitambaa. Alifunua akidhani ni viazi vitamu.

"Wote?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wote themanini," Drusilla alijibu. "Ratemo alizima waya, akaenda kulala."

Drusilla hakulia. Ishmael aliona ingekuwa afadhali alie. Alichimba shimo nyuma ya jiko, akawazika vifaranga, na moyo ulimuuma kweli kweli.

Alimwendea Ratemo kwa hasira.

"Kwani mimi najua kifaranga hulala na taa?" Ratemo alisema. "Hata mimi nalala giza."

Jioni hiyo Drusilla alisema neno.

"Baba Abigael, kesho naenda Nyamira kuandikisha mita. Tuwe na umeme wetu. Yashwant, yule mwenye duka Kisii, ataniletea vifaranga wengine mia moja mita ikishawaka. Lakini hawa nao wakifa, mimi sifugi tena. Na Abigael atarudi nyumbani."

Ishmael hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Tutaona." Nyumbani kwake, neno hilo lilikuwa na maana ya hapana.

Ratemo aliposikia habari za mita, usingizi ulimruka. Alikuja na stuli yake mwenyewe, akaketi karibu na Ishmael.

"Rafiki yangu, hiyo mita iko na jicho," alisema. "Inajua saa unaamka, saa unalala. Tena haipumziki. Hata Jumamosi inazunguka tu. Wewe mzee wa kanisa, utaweka kwa boma yako kitu inafanya kazi Sabato?"

Ratemo hakuwa na shida yoyote na Sabato. Shida yake ilikuwa ndizi. Lakini maneno yake yalimwingia Ishmael kama mwiba kisiginoni. Je, amri haitaki hata mgeni wa nyumbani apumzike? Na mita itakuwa nini kama si mgeni?

Miezi ikapita. Siku moja watu wa kampuni ya umeme walifika kukagua kinu. Walikuta nyaya sita zinakwenda kwa majirani. Wakamkatia Ratemo umeme mpaka aziondoe zote na kutengeneza nyaya za nyumba yake vizuri. Ratemo aliondoa sita. Wa saba, ule wa Ishmael, ulikuwa umefunikwa na majani ya migomba, na hakuna aliyeuona. Ratemo aliuacha. Ishmael naye aliuacha. Nani ajuaye kesho?

Jumatano moja fundi akaja na mita. Alivaa ovaroli ya buluu na kubeba sanduku la vifaa. Ishmael alitazama nyuma ya mgeni huyo.

"Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, tata," alijibu kwa heshima, kama binti wa Kikisii anavyomwita mtu wa umri wa baba yake. "Naitwa Mokeira. Kwetu ni hapo chini, karibu na mto."

"Binti yangu, kabla hujapiga msumari hata mmoja, niambie. Hiyo mita ina jicho?"

"Haina. Ina kisahani kinachozunguka na tarakimu za kusoma. Haijui kama umewasha taa usome Biblia au utafute viatu. Inajua tu umeme uliopita ni kiasi gani."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi kuna nini?"

"Inapumzika?"

Mokeira alitua sanduku chini. Alikuwa amefundishwa mengi chuoni, lakini hilo halikuwamo.

"Tata, pale kituo cha kununua majani chai kuna mizani?"

"Ipo! Na kikapu changu hakipimwi kabla sijaona mshale umesimama kwenye sufuri. Uliza mtu yeyote."

"Je, mizani ndiyo inayochuma majani?"

"Mizani itachumaje? Anayechuma ni Mama Abigael."

Drusilla, aliyekuwa mlangoni, alikohoa. Lilikuwa neno la kweli, na hakutegemea kulisikia mbele ya wageni.

"Basi mita ni mizani," Mokeira alisema. "Yenyewe haifanyi kazi yako. Ukiwasha kitu, kisahani kinazunguka. Ukizima kila kitu, kinasimama. Je, ungekubali majani yako yakadiriwe kwa macho tu?"

"Sikubali katakata!"

"Lakini umeme wako ulikuwa ukikadiriwa kwa macho. Tena macho yenyewe ni ya Ratemo."

Ishmael alikuna kichwa. Hakuwa amelifikiria hivyo. Aliikumbuka mikungu yote iliyovuka mpaka, mmoja baada ya mwingine.

"Sawa," alisema mwishowe. "Lakini nitaipima mwenyewe. Ijumaa jua likitua nazima kila kitu. Ikizunguka siku ya Sabato, mita hii inang'olewa, na umeme sitaki tena."

"Hilo ni jaribio zuri," Mokeira alisema. "Natamani kila mtu alifanye. Ila nikuulize jambo moja. Ule waya wa zamani uliondolewa? Kuna waya mwingine wowote unaoingia hapa?"

Ishmael aliutazama mlango wa jiko. Kisha aliyatazama mawingu.

"Hakuna," alisema.

"Kweli?"

"Mimi ni mzee wa kanisa."

Mokeira alifunga mita ukutani chini ya paa, akaweka swichi kubwa kando yake, akatia taa na soketi katika nyumba kubwa. "Jikoni, mahali pa vifaranga, nitakuja Jumapili," alisema. "Msiguse kitu mpaka nije."

Alipoondoka, nyumba kubwa iling'aa na jiko likabaki giza. Ishmael alisimama jikoni, akaitazama taa ya zamani inayoning'inia kwenye waya wa Ratemo. Balbu nzima, waya mzima, vya nini kukaa bure? Akachukua kipande cha waya. Ncha moja akaifunga kwenye waya wa taa ile. Nyingine akaifikisha kwenye nyumba kubwa, akaichomeka katika soketi mpya kwa vijiti viwili vya mti. Taa ya jikoni ikawaka. Ishmael alitabasamu. Akiba haiozi.

Ijumaa ikafika. Kabla ya jua kutua, Ishmael alizima taa zote, na ile ya jikoni pia, kwa kulegeza balbu yake. Asubuhi alivaa koti lake, akachukua Biblia, akatoka kwenda kanisani. Kabla ya kufika langoni aligeuka. Angetazama mara moja tu.

Kisahani kilikuwa kinazunguka.

Kilikwenda polepole, kikionyesha alama yake nyekundu, kisha kikaificha, kisha kikaionyesha tena. Ishmael alileta stuli, akaketi.

Kwa miaka kumi na mmoja hakuwa amekosa Sabato. Hata mwaka aliovunjika mguu alipelekwa kwa mkokoteni. Siku hiyo alikaa mbele ya kisanduku kutoka saa tatu mpaka saa saba. Aliimbia kisahani wimbo wa kanisa, hakikusimama. Alikikemea, hakikusikia. Ng'ambo ya migomba, redio ya Ratemo ilikuwa ikipiga muziki. "Huyu naye na betri zake," Ishmael alinung'unika, akaendelea kulinda.

Waumini wakaja na Drusilla baada ya ibada. Walidhani mzee anaumwa. Walimkuta amevaa koti na tai, anazungumza na ukuta. Mama mmoja akamshika paji la uso.

"Mimi mzima!" Ishmael aliruka juu. "Angalieni wenyewe! Nimezima kila kitu, na inazunguka! Sikusema? Jumatatu inang'olewa!"

Watu walitikisa vichwa. Drusilla peke yake hakutazama mita. Alimtazama mume wake.

"Vifaranga wanakuja Ijumaa," alisema. "Nimwambie Yashwant asiwalete? Nimwandikie Abigael afunge sanduku?"

Furaha ya Ishmael ikaisha hapo hapo. Alikuwa ameshinda, na hakujua kwa nini ushindi ule ulikuwa mchungu hivyo. Usiku huo alikula chakula kilichopoa, peke yake.

Jumapili alasiri Mokeira akaja. Ishmael alimwonyesha kisahani. Alitegemea binti huyo abishe. Hakubisha.

"Umefanya vizuri kuangalia, tata. Mita haizunguki kwa kupenda. Ikizunguka mkiwa mmezima kila kitu, kuna kitu kinakula umeme. Tukitafute."

Akaweka mkono kwenye swichi kubwa.

Ng'ambo ya migomba redio ya Ratemo ilikuwa ikitangaza mpira kwa kelele. Mokeira alizima swichi. Redio ikanyamaza.

Alisimama, akasikiliza. Akawasha swichi. Redio ikarudi: "…ameangushwa ndani ya boksi, refa anapuliza filimbi…" Akazima. Kimya.

Majani ya migomba yakatikisika. Ratemo akatokea mbio, kiatu mguu mmoja.

"Ishmael! Washa!" alipiga kelele. "Washa haraka, ni penalti!"

Ratemo alimwona Mokeira. Akauona mkono wake kwenye swichi. Kisha akasikia maneno yake mwenyewe.

"Nilikuwa nasema… betri," alisema.

"Betri yako inakaa kwa nyumba yangu?" Drusilla aliuliza.

Ratemo alikaa chini kwenye nyasi. "Mama Abigael, nisamehe. Alhamisi nilibonyeza swichi kwa mazoea tu, nikaona mwanga. Nikashukuru Mungu. Sikuuliza mengi."

Mokeira hakucheka. Aliacha swichi imezimwa, akaingia jikoni, akafuata waya kwa macho mpaka tundu la panya. Aliona vijiti viwili kwenye soketi. Aliporudi, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tata, waya huu ulileta umeme kutoka kwa Ratemo. Sasa unaupeleka kwa Ratemo. Umeme hauulizi njia ilikuwa ya nani. Ratemo angerudishiwa wake, umeme wa pande mbili ungekutana humo ndani na nyumba hizi zingeungua. Na kuna jambo baya zaidi. Fundi anayepanda nguzo kumrudishia Ratemo umeme anajua nyumba ile haina kitu. Angeshika waya akiamini umekufa. Angekufa yeye."

"Mungu wangu," Drusilla alisema. "Anakuja lini huyo fundi?"

"Kesho asubuhi," Mokeira alijibu. "Ni mimi."

Hata Ratemo alivua kiatu chake kimoja, kama mtu aliye msibani. Ishmael alimtazama binti yule, ambaye angeweza kuwa wake, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nilikudanganya," alisema. "Uliniuliza kuhusu waya, nikasema hakuna. Uliniambia tusiguse, nikagusa."

"Baba Abigael," Drusilla alisema taratibu, "umekaa Sabato nzima kuilinda amri ya nne. Kumbe Jumatano ulishavunja ya tisa, ile inayokataza uongo."

Ishmael aliingia jikoni, akamwonyesha Mokeira ncha ya waya.

Mokeira aliuondoa waya wote, tangu jikoni mpaka kwenye kinu, akiufungua mgomba baada ya mgomba. Ratemo alishika ncha moja, Ishmael nyingine. Walipoukunja, Ishmael aliushika mkononi kwa muda. Ulikuwa bado mzuri. Kisha alimpa Mokeira.

"Uende nao. Ukibaki hapa nitauona."

Mokeira akaweka jikoni nyaya mpya, zilizopita ndani ya bomba, na swichi yake. "Ukitaka kuongeza taa, niite," alisema. "Ukiona waya umechubuka, zima swichi kubwa na uniite. Mtu akija kusoma mita, mwambie akuonyeshe kitambulisho, halafu soma naye. Andika tarakimu katika daftari. Bili ikija, linganisha. Fanya kama unavyofanya na mizani ya chai."

Kisha aliwasha swichi kubwa, na taa zote zikiwa zimezimwa. Wote wanne waliinama mbele ya kisanduku. Kisahani kilikuwa kimesimama tuli.

"Imepumzika," Ishmael alinong'ona.

"Na mpira uliishaje?" Ratemo aliuliza.

Ijumaa, vifaranga mia moja wakafika kutoka Kisii katika maboksi yenye matundu. Drusilla aliwaweka jikoni chini ya balbu kubwa ya joto. Walijikusanya chini yake wakilia kwa furaha. Nje, jua lilikuwa linashuka nyuma ya mashamba ya chai, na baridi ya Ekerenyo ilikuwa inapanda kutoka mtoni.

Drusilla alisimama na kidole karibu na swichi.

"Baba Abigael, Sabato inaingia. Nizime?"

Ishmael aliwaza juu ya amri, na alikuwa akiipenda kweli. Aliwaza juu ya kile kikapu mezani. Halafu akasikia sauti nyuma ya pipa la maji. Alikuwa kuku wao wa kienyeji, aliyekuwa ameatamia mayai kumi na mawili kwa wiki mbili.

"Huyu kuku," Ishmael aliuliza, "tumewahi kumwondoa juu ya mayai siku ya Ijumaa?"

"Hatujawahi."

"Na ng'ombe hukamuliwa Sabato, asije akaumia." Alivuta pumzi. "Toa mkono hapo, Mama Abigael. Hawa hawana mama. Balbu ndiye mama yao. Mama haondolewi juu ya watoto wake."

Drusilla alitoa mkono kwenye swichi. Machozi ambayo hakuyatoa kwa wale themanini yalimtoka sasa, na Ishmael alijifanya anaangalia paa.

Asubuhi, akiwa katika koti lake, Ishmael alipita mbele ya mita. Kisahani kilikuwa kinazunguka polepole. Alikitazama, akakiinulia kofia yake kama mtu anayemsalimu mgeni, akaenda kanisani mapema kuliko wote. Siku hiyo aliimba kwa sauti mpaka aliyeketi mbele yake akasogea.

Aliporudi alikwenda jikoni moja kwa moja, akapiga magoti na koti lake, akaanza kuhesabu. Ilichukua muda, kwa sababu vifaranga hawasimami.

"Wangapi?" Drusilla aliuliza mlangoni.

"Mia moja," alisema Ishmael. "Wote."

Jumatatu Ratemo, aliyekwisha kurudishiwa umeme wake, alivuka migomba na mkungu wa ndizi kichwani. Alisema ni fidia ya redio. Drusilla aliutazama mkungu ule kwa makini, akaitambua kamba yake mwenyewe kwenye shina. Ulikuwa ni ule wa mwisho aliompelekea, umeiva. Aliupokea, akamkaribisha Ratemo chai.

Muhula uliofuata Abigael alirudi shuleni. Aliporudi kwa likizo, alikuta kuku wanataga na daftari linaning'inia kando ya mita, limejaa tarakimu za baba yake. Jikoni, karibu na mlango, alikuta pia jembe lenye mpini.

"Nani amelitengeneza?" aliuliza.

"Mimi," alisema Ishmael. "Siku ya Jumapili."